Esperansi Nibizi, mpishi wa shule aliyesema mia mbili na wanne

Marehemu Esperansi Nibizi alizaliwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, mwezi Machi mwaka 1973. Mwezi tunaujua kwa sababu mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku ile mvua ya Machi ilipita kwenye paa la nyasi ikawalowesha wote wawili. Tarehe hatuijui na familia haitatunga. Kwenye kadi ya ubatizo imeandikwa 14 Machi, lakini hiyo aliichagua padri, maana kadi ilikuwa inataka tarehe. Wazazi wake, Mzee Anakleti Manirambona na Mama Inamahoro, walikuwa wamefika kutoka Burundi mwaka uliotangulia, kwa miguu, wakiwa na sufuria mbili na jembe moja. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ndiyo maana baba ni Manirambona na binti ni Nibizi. Jambo hilo liliwasumbua makarani wa kila ofisi aliyowahi kuingia. "Kwa hiyo huyu si baba yako?" wakimuuliza. Naye akijibu, "Muulizeni mama yangu, mimi nilikuwa bado sijafika."

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Ulyankulu mwaka 1981. Alikuwa mkali wa hesabu. Mwezi Februari 1984, akiwa darasa la nne na akiwa wa tatu kati ya wanafunzi hamsini na sita, baba yake alimtoa shule. Tumbaku ilikuwa imekubali mwaka huo, majani yalikuwa mengi, na mikono ya kuyafunga kwenye fito ilikuwa michache. Mzee Anakleti hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Utarudi mwakani." Mwakani majani yakawa mengi tena, na mwaka uliofuata hivyo hivyo, mpaka Esperansi akawa mkubwa kuliko madawati ya darasa la nne. Mdogo wake Aleksi, aliyezaliwa baada yake, akasoma mpaka darasa la saba. Marehemu hakulalamika juu ya hilo, angalau kwa sauti. Ila mtu akimuuliza elimu yake, hakusema "darasa la nne." Alisema, "Darasa la nne mpaka Februari."

Mwaka 1991 alihamia mji mdogo wa Nsololo, kwenye reli, kwa shangazi yake aliyekuwa akiuza chakula stesheni. Huko ndiko alikokutana na Amon Mihayo, kijana wa Kigwa aliyekuwa kwenye genge la matengenezo ya reli. Hadithi yao wengi mnaijua. Siku moja treni ya abiria ilichelewa saa tisa nzima, na Esperansi alikuwa amepika uji wa karanga wa watu arobaini. Uji ukaanza kupoa, abiria hawapo. Amon akaenda kuwaita wenzake wa genge waje wanywe ili usimwagwe, na kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita, akaona aibu kunywa kidogo. Alikunywa vikombe sita. Kesho yake hakwenda kazini. Mzee Amon yupo hapa na anabisha, anasema vilikuwa vinne. Marehemu alikuwa na uhakika ni sita, na katika mambo ya kuhesabu vikombe hajawahi kushindwa na mtu.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1993, kanisa Katoliki, ingawa Amon alikuwa Mmoraviani na amebaki Mmoraviani hadi leo. Wakwe wa Kigwa walisitasita mwanzoni, wakiuliza huyu binti wa kambini ataongea nao kwa lugha gani. Ndani ya miaka miwili alikuwa anawatania mawifi zake kwa Kinyamwezi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Marcelina mwaka 1994, Sylvester mwaka 1997 na Advera mwaka 2001. Wote watatu walisoma Shule ya Msingi Nsololo, ile iliyo kando ya barabara ya zamani ya Ujiji waliyokuwa wakipita wapagazi, na wote watatu walimaliza. Hilo lilikuwa sharti lake la ndoa. Amon anasema hakuambiwa sharti lingine lolote.

Kazi ambayo marehemu atakumbukwa nayo aliianza Januari 2004, kamati ya wazazi ilipoamua watoto wanywe uji shuleni saa nne asubuhi. Wazazi walichangia mahindi, mpishi akatafutwa, akachaguliwa yeye. Shule wakati huo ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia sita. Kila mtoto alileta kikombe chake kutoka nyumbani, na vikombe vikawa vinapotea, vinagombaniwa, vinaibiwa. Esperansi akavuta waya mrefu kuzunguka kuta za jiko, akaagiza kila kikombe kikwaruzwe jina kwa msumari na kining'inizwe hapo. Kikombe hakirudi nyumbani mpaka mwenyewe amalize darasa la saba.

Utaratibu huo wa jikoni ukazaa desturi ambayo haipo kwenye mwongozo wowote wa elimu. Mzazi wa Nsololo akitaka kumhamisha mtoto, haanzi ofisini kwa mwalimu mkuu. Huko ataulizwa maswali. Anapita jikoni kwanza, anasema, "Mama Marcelina, naomba kikombe cha mtoto." Kikombe kikishuka kwenye waya, mtoto ameondoka. Lakini mtoto ambaye familia yake imekwenda kwenye mashamba ya tumbaku, huko misituni, kikombe chake kinabaki, kwa sababu kila mwaka wazazi wanasema watarudi. Kwa hiyo marehemu alikuwa anajua kitu ambacho mwalimu hakijui: nani ameondoka na nani hayupo tu. Watoto waliobaki walimweleza kila kitu kwenye foleni ya uji. "Bibi Uji, Damas wamekwenda naye shamba." "Shamba la wapi?" "Kwa baba yake mdogo, ukipita mto." Yote aliyaweka kichwani.

Sasa tuje kwenye lile jambo. Baadhi ya waliopo hapa wangependa lirukwe. Haliwezi kurukwa, kwa sababu maisha yake ya mwisho yote yametoka hapo.

Shule ilikuwa inaporomoka, na kila mtu alikuwa anaona. Matokeo ya darasa la saba mwaka 2021: walifanya mtihani arobaini na mmoja, wakafaulu kumi na wawili. Wenye uwezo wakaanza kuwapeleka watoto shule za kulipia, wanakuja kuchukuliwa asubuhi na basi la njano. Wengine walikuwa shambani kuanzia Januari hadi Juni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Raymundi, hakufuta jina hata moja kwenye daftari. Aliogopa. Namba ikishuka, anaulizwa yeye. Na tumtendee haki, aliogopa kitu kingine pia: ukimfuta mtoto wa shamba, siku akirudi unamwandika wapi? Yeye mwenyewe ameusoma wasifu huu kabla haujachapwa, na alichosema ni kwamba neno "aliogopa" lisiondolewe.

Jumanne tarehe 17 Mei 2022, saa nne asubuhi, alikuja afisa kutoka ofisi ya elimu. Kijana mdogo, mpole, na viatu vyake vimejaa vumbi. Alimaliza ofisini kwa mwalimu mkuu, akatoka nje akakuta foleni ya uji, akaenda jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu uji."

"Asante, nimekunywa chai. Leo umepika wa wangapi?"

"Mia mbili na wanne."

"Na jana?"

"Mia mbili na saba. Leo watoto watatu wa nyumba moja wamepelekwa kliniki."

Afisa akafungua karatasi zake. "Daftari linasema mia tatu na kumi na mmoja."

Esperansi akamwangalia Mwalimu Raymundi, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya afisa na alikuwa anatazama chini. Marehemu alikuwa na muda wa kusema "nimekosea." Baadaye alikiri kwamba lilimjia mdomoni. Lakini hajawahi kukosea hesabu ya uji tangu 2004, na upawa ulikuwa mkononi.

"Basi hao wengine hawanywi uji," alisema.

Watoto wa mbele kwenye foleni wakacheka. Hawakujua wanacheka nini.

Barua ilikuja mwezi Juni. Ilisema kama kufikia tarehe 31 Machi 2023 shule haitakuwa na wanafunzi mia mbili na hamsini wanaoonekana kwa macho, itaunganishwa na shule jirani. Jirani ni kilomita tisa. Mtoto wa darasa la kwanza angetembea kilomita tisa kando ya reli asubuhi na tisa mchana. Kila mzazi aliyeisoma barua ile alijua maana yake: wakubwa watakwenda, wadogo watabaki nyumbani.

Mji ukamgeukia. Kwenye mashine ya kusaga akapewa maneno ambayo walioyasema wanayakumbuka. "Mwenye mdomo wake huyo anakuja." "Ungesema mia tatu ungekufa?" Na mama mmoja akamaliza kabisa: "Shule ingekuwa ya kwao angeisema hivyo? Mrundi atajali nini?"

Marehemu akatua ndoo yake ya mahindi chini. "Wangu watatu wamemalizia pale," alisema. "Wako wako wapi? Si ndio wale wanaopanda basi la njano? Kikombe cha mwisho ulikuja kukichukua mwenyewe mwezi wa pili."

Akabeba ndoo akaingia kusaga. Lakini aliporudi nyumbani, Amon anasema, alikaa kwenye kigoda uani akiwa na kanga yake kichwani na hakupika. Akasema, "Amon, nimeifunga shule." Amon akamwambia hajafunga kitu, amesema ukweli. Akajibu, "Ukweli nimeusema nusu. Sikusema hao mia na saba wako wapi. Na mimi najua wako wapi."

Kesho yake baada ya uji alimfuata Mwalimu Raymundi ofisini. Hawakuwa wameongea tangu siku ile ya afisa. Akamwambia, "Mwalimu, lete daftari, twende jikoni." Wakaenda, wakapita waya wote kikombe kwa kikombe, mwalimu na daftari lake, mpishi na kichwa chake. Majina arobaini na matatu hayakuwa na vikombe. Hao wameondoka, wakafutwa. Ukiwaacha wale watatu wa kliniki, waliokwisha kurudi, vikombe sitini na kimoja vilikuwa vinaning'inia na wenyewe hawapo. Hao wako shambani. Mwalimu Raymundi akasema kwa unyonge kwamba hata wakirudi, watafeli, wataiangusha shule zaidi. Marehemu akakasirika kwa mara ya kwanza.

"Mtoto hakufeli, Mwalimu. Mtoto hakuwepo. Ungemfundisha miezi kumi halafu ukaniambia amefeli, ningekuelewa."

Mpango wake ulikuwa rahisi na ulimchosha kila aliyeusikia. Tumbaku haitaacha kulimwa, wazazi hawataacha kwenda. Basi wazazi waende, watoto wabaki mjini. Kila mtoto wa shamba apate nyumba ya kulala msimu mzima. Alianza na akina mama wa jumuiya yake, halafu akaenda kwa akina mama Wamoraviani kwa mgongo wa mumewe. Hakuwahutubia. Aliwaita jikoni, akawaonyesha waya. Mama atakayeshusha kikombe akaenda nacho nyumbani kwake, amemchukua mwenye kikombe: atamlaza, atamlisha jioni, atamwamsha asubuhi. Wazazi wataleta mahindi na maharage wakivuna. Siku ya kwanza walikuja wanawake tisa, wakatazama, wakaondoka mikono mitupu, isipokuwa mmoja. Dafrosa, jirani yake, alishusha kikombe, akasoma jina, akasema, "Huyu si ndiye aliyemvunjia mwanangu jino?" Akakifuta vumbi kwa kanga. "Haya. Bora nimwone kwa karibu."

Baada ya hapo wakaanza kuja wawili wawili.

Nyumba tu hazikutosha. Ilibidi wazazi wakubali. Jumamosi tarehe 7 Januari 2023, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, marehemu alipanda bodaboda na mfuko wa vikombe mapajani, akaenda shamba la kwanza kwenye orodha yake. Lilikuwa la mdogo wake Aleksi. Watoto wa Aleksi wawili, wa darasa la tano na la sita, walikuwa wanapalilia tumbaku. Aleksi ameruhusu mazungumzo haya yaandikwe. Waliongea Kirundi, hapa tumeyaweka kwa Kiswahili.

"Dada, umekuja kutusaidia?"

"Nimekuja kuwachukua watoto."

"Mwezi wa sita nitawaleta mwenyewe."

"Mwezi wa sita wenzao watakuwa wamefika wapi?"

"Dada, majani hayangoji. Nani atafunga?"

"Wewe. Mikono yako haina ugonjwa."

"Unaongea kama hujawahi kulima tumbaku!"

Hapo Esperansi akakaa juu ya gogo. Alikuwa anahema; kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Akamwambia polepole, "Mimi nimefunga majani ya baba miaka saba, Aleksi. Wewe ulikuwa unakwenda shule. Ulikuwa unarudi unanionyesha daftari, na mimi nilikuwa nakusahihishia hesabu mpaka ulipofika za darasa la tano, nikawa siwezi tena. Unakumbuka ulivyonicheka?"

Aleksi anasema alikumbuka. Anasema alikuwa amelisahau jambo lile kwa miaka arobaini na likamrudia lote, na rangi ya daftari. Akawaita watoto. Yule mkubwa akauliza, "Tunakwenda na majembe?" Shangazi yake akamwambia, "Acha kwa baba yako, anayahitaji."

Msimu ule alikwenda mashamba ishirini na mbili. Kwingine alikaribishwa, kwingine alifukuzwa na mbwa. Nyumbani kwake walilala watoto kumi na mmoja. Mzee Amon, aliyekuwa amestaafu reli mwaka uliotangulia, alikuwa anawaambia wageni, "Nimestaafu nikaajiriwa tena, mlezi wa bweni." Babu yake alikuwa mpagazi wa njia ya Ujiji, basi akawa anasema ukoo wao haujawahi kupumzika kubeba vya watu. Lakini ndiye aliyekuwa akiwakagua kucha.

Si wote waliorudi. Kabula alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita, na shamba lao lilikuwa la mbali kuliko yote. Marehemu alikuwa amepanga safari zake kwa ukaribu, ya karibu kwanza. Alipofika kwa kina Kabula ilikuwa mwisho wa Februari, na baba yake akamwambia hayupo, ameolewa wiki tatu zilizopita. Esperansi aliripoti polisi, akaitwa, akaandika maelezo, akaitwa tena, na jambo likazungushwa mpaka likachoka. Kuanzia siku hiyo alisema lile lilikuwa kosa lake. Watu walimwambia si kosa lake, na yeye akawajibu kwamba angeanza na la mbali angemkuta. Hakukubali kufarijiwa na familia iliacha kujaribu. Kabula alikuja kumwona mwezi Julai mwaka huu, akiwa na mtoto mgongoni. Walikaa chumbani saa nzima. Walichoongea ni chao.

Ijumaa tarehe 31 Machi 2023 afisa yule yule alirudi. Safari hii hakuomba daftari. Aliwapanga watoto uwanjani mistari kumi kumi, akawahesabu mwenyewe kwa kidole, akarudia. Walikuwa mia mbili hamsini na saba. Marehemu hakutoka jikoni. Alipoletewa habari alisema, "Wanane sijui wako wapi, asubuhi nilimimina mia mbili sitini na tano." Walipatikana nyuma ya choo. Walidhani wanahesabiwa kwa ajili ya sindano.

Shule haikuunganishwa. Tusiseme imekuwa ya ajabu. Mwaka 2022 walifaulu kumi na tisa kati ya thelathini na wanane. Mwaka 2023 thelathini na mmoja kati ya arobaini na wanne. Mwaka 2024 wakashuka tena kidogo, ishirini na tisa kati ya arobaini na saba, na walimu walikuwa sita tu kwa madarasa saba. Wapo watu hapa mjini ambao bado wanaisema vibaya shule hii na watoto wao hawajawahi kukanyaga pale. Ila watoto kumi na mmoja wameshuka kwenye basi la njano wakarudi Nsololo, na mama yule wa mashine ya kusaga ndiye aliyerudisha wa kwanza. Alikuja na kikombe kipya. Esperansi akampokea, akamuuliza, "Jina umekwaruza?" Kisha akakitundika kwenye waya.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2019. Miaka ishirini ya kuni mbichi kwenye jiko lisilo na bomba la moshi, madaktari hawakuhitaji kutafuta sana. Mwaka jana kifua kilibana zaidi, akawa anasimama kila hatua kumi kama mtu anayesahau kitu. Madaktari wa Tabora mjini walimweleza wazi kwamba mapafu yamechoka na hatakiwi kukaribia moshi tena. Aliwaitikia vizuri, akarudi Nsololo, akapika miezi mitano mingine. Tarehe 6 Juni 2025, shule ilipofungwa kwa likizo, alimkabidhi upawa Gaudensia, msaidizi wake, na binti yake Advera akaja kumchukua akakae naye Cheyo, Tabora mjini, karibu na hospitali.

Shule ilipofunguliwa Julai, kila siku saa nne na nusu alimpigia simu Gaudensia. "Wangapi leo?" Gaudensia akisema mia mbili themanini, anaulizwa nani hayupo. Akisema hajui, simu inakatwa, inapigwa tena baada ya dakika kumi. Gaudensia anasema alikuwa anakimbia darasani kuuliza, upawa ukiwa bado mkononi. Advera alijaribu kuficha simu ili mama apumzike, akaambiwa, "Mwanangu, ukinificha simu nitakwenda kwa miguu."

Wiki ya kwanza ya Septemba hali ilibadilika. Aliwekewa oksijeni hospitali, akatulia, akaomba Amon aje. Jumapili mchana alimwambia mumewe jambo moja, Advera akiwa pembeni. Mtihani wa darasa la saba ni Jumatano na Alhamisi. Darasa hilo ndilo la watoto waliotolewa shambani kwa mara ya kwanza, wakiwa la tano wakati ule. Wengine bado wanalala kwenye nyumba za watu. Akasema, "Nikiondoka kabla, msinizike mpaka wamalize. Mkinizika Jumatano mji wote utakuwa msibani, na hao akina mama wanaowalaza watakuja kulia kwangu. Asubuhi nani atawaamsha watoto?"

Alifariki Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ndugu wa Kigwa walitaka azikwe Jumatano, na walikuwa na haki, maana wamesafiri na wengine wana kazi. Palikuwa na mabishano, hayakufichwa. Mzee Amon alisikiliza kila mtu, halafu akasema, "Miaka thelathini na miwili ameniomba mambo mawili. La kwanza nilitimiza." Ndiyo maana tunazika leo, Alhamisi, saa kumi jioni. Na ndiyo maana jana nyumba ya msiba ilikuwa tupu mpaka saa tano. Wanawake wa mji huu walikuwa wanawapikia watoto chai, wanawasindikiza hadi getini, ndipo wakaja kulia. Yeyote aliyekuja kutoka mbali akadhani Nsololo haina utu, sasa ameelewa.

Marehemu ameacha mume, Amon Mihayo, watoto watatu, Marcelina, Sylvester na Advera, wajukuu wanne, mdogo wake Aleksi na dada yake mdogo Beata, mawifi na mashemeji wa Kigwa, ambao tunawashukuru kwa kusubiri, Gaudensia, aliyeshika upawa, nyumba kumi na tisa za Nsololo zilizoshusha vikombe, na wanafunzi wa Shule ya Msingi Nsololo, ambao kesho asubuhi wanatakiwa darasani kama kawaida.

Darasa la saba mwaka huu wamesajiliwa hamsini na wawili. Jana wamefanya mtihani wote hamsini na wawili. Karatasi hii ilichapwa jana jioni, mtihani wa leo ukiwa bado. Mwalimu Raymundi anatoka shuleni moja kwa moja kuja makaburini, na kabla udongo haujamiminwa atasimama aseme kwa sauti leo wamefanya wangapi, idadi ya kweli, iwe nzuri au mbaya.

Akishaambiwa, Esperansi apumzike kwa amani.